Ishara za Walinzi katika Briji: Namna ya Kuchagua Mbinu Zinazoruhusiwa na Kuzitumia bila Kuvunja Sheria

Briji huchezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, na wengi wanaoijua watakwambia kwamba sehemu yake ngumu kuliko zote ni ya ulinzi. Walinzi ni wale wawili walioshindwa katika mnada, ambao kazi yao ni kumzuia mwenye mkataba asipate idadi ya mizunguko aliyoiahidi. Mwenye mkataba huona karata zote 26 za upande wake, yaani zake na za mwenzake zilizolazwa mezani. Mlinzi naye huona 26, lakini 13 kati ya hizo ni za wapinzani, na karata za mwenzake hazijui. Kwa sababu hiyo walinzi hawana budi kupeana habari, na sheria imewaachia njia moja tu ya kufanya hivyo, nayo ni karata yenyewe inayochezwa, kwa zamu yake, bila kitu kingine chochote juu yake.

Aliyezoea karata za barazani, ambako kukonyezana na kukohoa ni sehemu ya utani, hana budi kuyaacha hayo mlangoni. Sheria ya 73 ya briji ya mashindano inasema kwamba mawasiliano kati ya wenza yafanyike kwa minada na karata pekee, na kupeana habari kwa njia nyingine zilizopangwa mapema inakuita kosa kubwa kuliko yote. Mwongozo huu unawahusu wawili wanaotaka kukubaliana juu ya ishara zao kabla ya kuingia mashindanoni, na unachukulia kwamba wanajua mnada na uchezaji wa kawaida. Ninaposema mzunguko ninakusudia karata nne, moja ya kila mchezaji. Kuongoza ni kucheza karata ya kwanza ya mzunguko. Ree ni ile yenye herufi A. Na mpangilio wa aina kutoka juu kwenda chini ni shupaza, kopa, uru na pau.

Hatua ya kwanza: tambueni kanuni zipi zinawahusu

Kanuni zina tabaka mbili, na makosa mengi hutokana na kuzichanganya. Tabaka la chini ni Sheria za Briji ya Mashindano, ambazo Shirikisho la Briji la Dunia, WBF, huzitoa na kuzipitia upya kila baada ya miaka kadhaa. Toleo ninalolitumia hapa ni la 2017. Sheria hizi hazikuorodhesheeni ishara za kutumia. Zinasema tu kwamba makubaliano yenu yasiwe siri, na katika sheria ya 40 zinampa msimamizi wa mashindano mamlaka ya kukataza au kuwekea mipaka mbinu fulani.

Tabaka la juu ni kanuni za huyo msimamizi, nazo hutofautiana. Chama cha Amerika Kaskazini, ACBL, kwa mfano, kina chati zinazosema mbinu ipi inaruhusiwa katika mashindano ya ngazi ipi, na tangu mwishoni mwa 2018 chati hizo ni nne, kuanzia ile ya wanaoanza hadi ile ya mashindano makubwa. Kwa hiyo swali la “je, ishara hii inaruhusiwa?” halijakamilika mpaka useme unacheza wapi na katika ngazi gani. Pateni chati ya mashindano yenu na muisome sehemu ya ulinzi wote wawili, kwa kuwa mara nyingi ni aya chache tu.

Hatua ya pili: kubalianeni karata itasema nini

Ishara za walinzi ni za aina tatu, na karata moja kwa kawaida hubeba moja tu kati ya hizo kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni ishara ya kutaka. Mwenzako ameongoza ree ya kopa, na wewe una 9 na 2 za aina hiyo. Kwa utaratibu wa kawaida, karata kubwa humwambia aendelee, na ndogo humwambia abadili. Ukicheza 9, ataendelea na mfalme, utaweka 2, na mzunguko wa tatu utakata kwa turufu. Kuweka karata kubwa kisha ndogo ni ishara kongwe kuliko briji yenyewe, kwani mwaka 1834 Lord Henry Bentinck wa Uingereza alikuwa tayari akiitumia katika mchezo wa whist kumwomba mwenzake aongoze turufu.

Ya pili ni ishara ya idadi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote na ndiyo inayolipa zaidi. Chukua mkataba wa mizunguko 9 bila turufu. Mezani kuna uru tano: mfalme, malkia, jeki, 10 na 5, na upande huo hauna njia nyingine ya kuingilia. Wewe una ree, 7 na 4. Mwenye mkataba anaongoza uru kuelekea mezani, na mwenzako anaweka karata yake. Uru zisizoonekana kwako ni tano, zimegawanyika kati ya mwenzako na mwenye mkataba. Karata kubwa ikisema idadi shufwa na ndogo ikisema idadi witiri, basi 8 ya mwenzako inakuambia ana mbili, hivyo mwenye mkataba ana tatu, nawe utaizuia ree yako hadi mzunguko wa tatu. Akiweka 2, ana tatu, mwenye mkataba ana mbili, nawe utaitoa ree mzunguko wa pili. Kosa la mzunguko mmoja tu linaweza kumpa mwenye mkataba mchezo mzima, ama kwa kumzawadia mzunguko wa ziada au kwa kumfungulia njia ya kuzifikia karata zilizobaki mezani.

Ya tatu ni ishara ya kuelekeza, iliyoenezwa na Mmarekani Hy Lavinthal katika miaka ya 1930. Hii haisemi lolote kuhusu aina inayochezwa. Inamwelekeza mwenzako kwenye aina nyingine. Turufu zikiwa kopa, nawe ukamwongozea mwenzako uru aikate, kuna aina mbili anazoweza kukurudishia, shupaza au pau. Ukiongoza 9 ya uru, karata kubwa, unaomba ya juu, yaani shupaza. Ukiongoza 2, unaomba pau. Turufu na aina inayochezwa hazihesabiwi.

Sasa kubalianeni ni lini ipi inatumika, maana hapo ndipo wenza wengi huanguka. Mpangilio wa kuanzia ambao hauna utata ni huu: mwenzako akiongoza, unampa ishara ya kutaka, mwenye mkataba akiongoza, unampa ya idadi, na pale ambapo mbili hizo zote hazina maana, kwa mfano unapomwongozea akate, karata yako inaelekeza. Msiongeze kitu kingine mpaka mpangilio huo uwe umewazoea kama kupumua.

Hatua ya tatu: amueni juu au chini

Wako wanaogeuza ishara, kiasi kwamba karata ndogo ndiyo inayotaka na kubwa ndiyo inayokataa. Sababu yake ni ya kimahesabu. Ukiwa na ree, mfalme, malkia na 2 ya pau, ukahitaji kutupa karata, yaani kucheza ya aina nyingine kwa kukosa aina iliyoongozwa, ili kumwonyesha mwenzako kwamba unazitaka pau, utaratibu wa kawaida unakulazimisha utupe malkia, ambayo ni mzunguko mzima, kwa kuwa 2 ingesema huzitaki. Kwa utaratibu uliogeuzwa unatupa 2 na kubaki na tatu za juu. Kanuni za ACBL zimekuwa zikikubali taratibu zote mbili, wa kawaida na uliogeuzwa, kwa hiyo chagueni mnaoupenda. Mnaweza pia kugeuza ishara ya kutaka na kuacha ya idadi kama ilivyo, ingawa sipendekezi kwa wanaoanza. Nimeona wenza wakisahau ipi imegeuzwa na ipi haikugeuzwa katika mkono uleule.

Jambo moja lisilo la hiari: sheria ya 40 inataka maana iliyokubaliwa ya karata isibadilike kulingana na nani kati yenu ameicheza. Hamruhusiwi kupanga kwamba mmoja ageuze na mwingine asigeuze. Mtindo na uamuzi wa kila mmoja vinaweza kutofautiana, mbinu haiwezi.

Hatua ya nne: elewa yaliyokatazwa, na kwa nini

Makatazo makubwa ni mawili, na ukielewa sababu zake huhitaji kuyakariri.

La kwanza ni ishara za jumbe mbili, ambazo karata moja husema mambo mawili kwa mpigo. Iliyo maarufu ni ile ya witiri na shufwa: ukitupa karata ya witiri, unaitaka aina hiyo, ukitupa ya shufwa, huitaki, na tena ukubwa wake unaelekeza kwenye aina nyingine. Chati ya jumla ya ACBL iliyotumika hadi 2018 iliruhusu jumbe mbili katika karata ya kwanza tu ambayo kila mlinzi anaitupa, na baada ya hapo ikabakiza utaratibu wa kawaida au uliogeuzwa peke yake.

Kwa nini? Si kwa sababu mbinu hiyo ni kali mno. Tazama mkono huu: turufu ni shupaza, nawe ulikuwa na mbili tu, kopa zako ni jeki, 7, 5 na 3, uru ni ree, malkia, 8 na 6, pau ni 9, 7 na 3. Mwenye mkataba anaongoza turufu ya tatu, na ni lazima utupe karata. Unataka uru. Lakini huna uru ya witiri, na huna shufwa ya kopa wala ya pau ya kumwelekeza mwenzako huko. Hakuna karata hata moja mkononi mwako inayosema ukweli. Unaishika moja, unaiacha, unashika nyingine, na baada ya sekunde kumi na tano unatupa 8 ya uru. Kwa kamusi yenu, 8 imesema “sitaki uru.” Sekunde kumi na tano zimesema “nazitaka, ila sikuwa na karata ya kulisema hilo.” Mwenzako amesikia yote mawili. Kuanzia hapo hakuna anachoweza kufanya kikawa safi kabisa, na mwenye mkataba amekosewa hata kama hakuna aliyekusudia ubaya. Ndiyo maana chati ile ilienda mbali zaidi na kusema kwamba wenza wanaweza kunyimwa mbinu yoyote, hata ile inayoruhusiwa, wakionekana hawawezi kuitumia kwa mwendo unaostahili.

La pili ni ishara za ufunguo. Hizi ni ishara ambazo maana yake inategemea jambo walilolijua walinzi na asilolijua mwenye mkataba. Tuseme katika mkataba usio na turufu mwenye mkataba ameonekana mapema kwamba hakuwa na shupaza hata moja. Shupaza tatu zilikuwa mezani, kwa hiyo kumi zilikuwa za walinzi. Kila mlinzi, kwa kutazama zake, anajua zote za mwenzake kwa uhakika, lakini mwenye mkataba hajui zimegawanyikaje. Sasa wenza wakikubaliana kwamba 2 ya shupaza ikiwa kwa aliyeongoza, ishara ni za kawaida, na ikiwa kwa mwenzake zimegeuzwa, basi wamejitengenezea lugha inayosemwa mbele ya mtu asiyeweza kuielewa hata akielezwa kanuni yake neno kwa neno. Zimekatazwa katika chati za ACBL, na kanuni za mifumo za WBF nazo hazizikubali.

Wapo wanaosema kwamba katazo hili linawaonea wenye akili, na ninakiri kwamba ufunguo wenyewe ni kitu cha werevu. Lakini ishara ya mlinzi ni halali kwa kuwa mpinzani ana haki ya kuisoma sawa na mwenzako, na ufunguo unaivunja haki hiyo hata pale mnapoutangaza.

Hatua ya tano: andikeni, na muwe tayari kueleza

Makubaliano yote yaingie kwenye kadi ya mfumo: karata ya kuongoza kutoka kila mpangilio, ishara katika uongozi wa mwenzako na wa mwenye mkataba, na karata ya kwanza ya kutupwa. Kila mmoja awe na nakala, na nakala zifanane. Mkisha kuanza mnada, hairuhusiwi kutazama kadi yenu wenyewe ili kujikumbusha mpaka uchezaji uishe, isipokuwa kanuni za mashindano ziseme vinginevyo. Ya wapinzani mnaweza kuitazama kwa zamu yenu.

Mwenye mkataba anaweza kuuliza maana ya karata zenu anapokuwa na zamu ya kucheza, kutoka mkononi mwake au mezani. Anayejibu ni mwenza wa yule aliyeicheza karata, si yeye aliyeicheza. Jibu lieleze makubaliano yote, pamoja na yale mliyoyajenga kwa uzoefu wa kucheza pamoja. Mkijua kwamba mwenzako huwa hatoi idadi ya kweli mkataba ukiwa mkubwa, hilo ni sehemu ya jibu. Usiseme unadhani ana nini mkononi. “Ndogo inataka, kubwa inakataa, na huwa tunatoa idadi mezani pakiwa na malkia” ni jibu zuri. “Kawaida” si jibu, kwa sababu kawaida ya mtu mmoja ni kinyume cha mwingine.

Je, unaweza kudanganya? Unaweza. Mchezaji ana ruhusa kucheza karata isiyolingana na makubaliano ili kumpotosha mwenye mkataba, mradi mwenzake naye hana sababu zaidi ya wapinzani kujua kwamba amedanganya. Mkidanganya kila mara katika hali ileile, huo si udanganyifu tena, ni makubaliano, na yanatakiwa kuandikwa.

Hatua ya sita: lindeni mwendo wenu

Karata zote ziwekwe kwa namna moja na kwa kasi moja. Usiitoe karata mkononi kabla ya zamu yako, usimkazie mwenzako macho, na usiibamize 9 mezani kana kwamba unapiga msumari huku 2 ukiiweka kwa unyenyekevu. Kufikiri si kosa. Kosa ni kutumia kufikiri kwa mwenzako. Sheria ya 16 inamkataza mlinzi aliyeona kusitasita kuchagua, kati ya njia zenye mantiki, ile iliyopendekezwa na kusitasita huko. Vilevile usijifanye unafikiri ukiwa na karata moja tu ya aina inayochezwa, maana mwenye mkataba akipotoshwa na kuchelewa kusiko na sababu ya kimchezo, mwamuzi anaweza kumrekebishia matokeo.

Dawa iliyonisaidia ni kufikiri mapema. Karata za mezani zinapolazwa, chukua muda wako mzunguko wa kwanza, hata kama karata yako ni dhahiri, na upange utakachotupa baadaye. Miaka ya nyuma nilikuwa ninaharakisha mzunguko wa kwanza na kukwama wa tano, na mwamuzi alikuja mezani kwetu mara mbili jioni moja kwa sababu hiyo. Tangu nilipogeuza utaratibu hajaitwa kwa ajili yangu kwa sababu hiyo. Na ukikosa kuiona karata ya mwenzako, iache yako ikiwa wazi: maadamu hujaifunika na upande wenu haujacheza mzunguko unaofuata, una haki ya kutaka nne zote zifunuliwe.

Waandaaji wa mashindano makubwa hawategemei uaminifu peke yake. Mwaka 1975, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Bermuda, meza ziligawanywa kwa pazia ili wenza wasionane. Pazia hilo halikufika chini, na mashindano hayohayo yakazuka tuhuma kwamba wachezaji wawili walikuwa wakigusana miguu. Vizuizi vikaongezwa chini ya meza.

Hatua ya saba: jambo likiharibika, mwite mwamuzi

Ukihisi kwamba mlinzi amechukua faida ya kusitasita kwa mwenzake, au ishara wanayoitumia haimo kwenye kadi yao, usibishane nao. Kwanza kubalianeni kwa upole kwamba kumekuwa na kuchelewa. Wakikataa, mwite mwamuzi papo hapo. Mwambie kilichoonekana tu: mzunguko wa ngapi, karata ipi, muda uliopita, na karata iliyofuata. Maliza kuucheza mkono kama kawaida, kisha mwite tena ukiona umepata hasara. Nanyi mkiitiwa mwamuzi, mpeni kadi yenu ya mfumo kabla hajaiomba.